Kreni ya kukodi, vibarua 26 na pesa za ukaguzi mmoja: nani aitwe kwanza?

Mpwa wangu amepata kandarasi kwenye gati moja dogo la Ghuba ya Winam, si mbali na mji wa Kisumu. Mashua zinakuja na mbao, zinarudi visiwani na saruji. Ana vibarua 26, kreni ya kukodi iliyofungwa mgongoni mwa lori, na bajeti ya usalama ambayo ukiitazama vizuri ni ya jambo moja tu mwezi huu. Jumapili akanipigia simu: "Nera, nianze na kipi? Niite watu wa serikali, nilipe mshauri, ama niunde kamati yangu mwenyewe?"

Nera ni mjomba kwa Kijaluo. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo gatini kwa miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kubeba hata gunia moja. Nilisimama na kalamu na daftari, na mtu aliyesimama huona mengi ambayo aliyeinama chini ya mzigo hayaoni.

Swali lake lina kasoro moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haimpi nafasi ya kushika kimoja na kutupa vingine. Gati lake ni mahali pa kazi, kwa hiyo lazima lisajiliwe na DOSHS, idara ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini. Kwa kuwa ana watu zaidi ya 20, anatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Na angalau mara moja kila miezi 12 mahali pale panatakiwa kukaguliwa na mshauri aliyesajiliwa, ambaye nakala ya ripoti yake huenda kwa mkurugenzi wa idara, apende asipende mwenye gati. Anachoweza kuchagua ni nani atangulie, na shilingi ya kwanza iende wapi.

Hapo ndipo tofauti zilipo, na ni kubwa.

Afisa wa serikali: rungu analo, muda hana

Tuanze na huyu kwa sababu ndiye watu humwogopa zaidi na kumwelewa kidogo zaidi. Afisa wa DOSHS anaweza kuingia mahali pa kazi, akauliza maswali, akataka kuona vyeti, kisha akatoa notisi ya aina mbili: ya kukutaka urekebishe kasoro katika muda fulani, au ya kukataza kazi au mtambo wenye hatari mpaka hatari iondolewe. Hiyo ya pili ndiyo inayomtofautisha na wote wengine katika makala hii. Mshauri uliyemlipa anaweza kuandika kwa wino mwekundu kurasa nzima, lakini kreni haisimami kwa ajili ya wino wake. Kamati nayo inaweza kulalamika, lakini kibarua anayelipwa kwa siku hupima maneno yake kabla ya kuyatoa.

Kwa hiyo kama wewe ni mfanyakazi, na mwenye kazi amekataa kusikia, huyu ndiye wa kumwendea. DOSHS ina ofisi Kisumu. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa ya papo kwa papo amwambie msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale kabla hatari haijaondolewa. Ni vizuri kuijua kabla ya kuihitaji.

Udhaifu wake kila mtu anaujua. Maafisa ni wachache na kazi ni nyingi, viwanda vya sukari, majengo, karakana za jua kali, wote hao wanamngoja afisa yule yule. Hatakuwepo saa kumi na mbili asubuhi mashua ya mbao inapofunga kamba. Tena ziara inayojulikana mapema hupamba mambo. Kwenye gati moja nililofanyia kazi, nimeshuhudia mara mbili helmeti mpya zikitolewa stoo asubuhi ya ukaguzi, na jioni zikirudishwa, nyingine bado zina nailoni.

Jambo moja huwachanganya watu wa ziwani: chombo chenyewe, yaani mashua, jaketi zake za kuokolea na uwezo wake wa kusafiri, hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, KMA. Anayefanya kazi gatini, kreni inayosimama nchi kavu, na bohari ya saruji, hayo ni ya DOSHS. Nimeona mtu akipoteza asubuhi nzima kulalamika kuhusu waya wa kreni katika ofisi ya watu wa mashua. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwelekeza barabara.

Mtaalamu wa kulipwa: huona usichoweza kuona

Hapa kuna watu wawili ambao mpwa wangu alikuwa amewafanya mmoja. Yupo mshauri wa usalama anayefanya ukaguzi wa mwaka wa mahali pote pa kazi: vyoo, moto, njia za kupita, huduma ya kwanza, kumbukumbu. Halafu yupo mkaguzi wa mitambo aliyeidhinishwa, yule wa kreni, minyororo na nyaya. Wa kwanza atakuambia kwamba huna rejista ya kreni. Wa pili ndiye atakayepanda kwenye kreni.

Kwa minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia, sheria ya Kenya inataka uchunguzi wa kina wa mtu aliyeidhinishwa kila miezi sita. Kipimo cha kimataifa cha kazi hii ni Mkataba namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaohusu usalama wa wafanyakazi wa gatini. Wenyewe unataka mtambo wa kuinulia ujaribiwe kabla ya kutumika mara ya kwanza na kila unapofanyiwa mabadiliko makubwa, uchunguzwe kwa kina angalau mara moja kila miezi 12, na vifaa vidogo kama ndoano na silingi, yaani mikanda au kamba za kufungia mzigo, vitazamwe kabla ya kutumika. Tanzania iliuridhia zamani. Ukiziweka pamoja sheria yetu na mkataba huo, utaona zinazungumzia macho ya aina mbili: jicho la mtaalamu linalokuja mara chache, na jicho la kila siku. Moja halifanyi kazi ya jingine.

Nitasimulia kwa nini namheshimu mkaguzi wa mitambo. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda vibaya, magati madogo mengi yakafunikwa. Pale tulipokuwa, mashua zilikuwa zinaelea juu kiasi kwamba ndoano ya winchi haikuhitaji kushuka mbali. Waya ulikuwa umechakaa upande wa ncha, fundi akaukata akafunga upya. Ulikuwa mfupi, lakini ukatosha. Baadaye maji yakashuka. Mashua nazo zikashuka, na ndoano ikawa inakwenda chini zaidi kila mwezi. Hakuna aliyewaza lolote. Kreni ilikuwa inafanya kazi.

Mkaguzi alipokuja, jambo lake la kwanza lilikuwa ambalo sisi tuliliona la kipuuzi: aliagiza ndoano ishushwe mpaka pale chini kabisa inapofikia siku ya kazi, ndani ya mashua tupu. Kisha akapanda kutazama ngoma ya winchi, ile inayozungushiwa waya. Palikuwa pamebaki mzunguko mmoja wa waya. Inatakiwa ibaki angalau miwili, kwa sababu msuguano wa ile mizunguko ndio unaoshika mzigo. Kibanio cha mwisho kwenye ngoma hakikutengenezwa kubeba uzito peke yake. Tulikuwa tumepakua kwa mzunguko mmoja tangu sijui lini, watu wakipita chini. Hakuna kamati ya makuli duniani ambayo ingeuona mzunguko ule kutoka chini.

Udhaifu wake? Pesa, kwanza. Pili, karatasi yake huanza kuzeeka jioni ile ile anapoondoka. Na tatu, karatasi inaweza kutembea. Nilipoomba cheti cha kreni fulani ya kukodi, nikapewa karatasi safi, ina muhuri, tarehe yake haijapita. Nikaenda kwenye kibati cha kreni, nikafuta grisi kwa kidole, nikasoma namba. Haikuwa ile. Cheti kilikuwa cha kreni nyingine ya tajiri yule yule, iliyokuwa inafanya kazi kwingine. Dereva hakuona aibu hata kidogo, alisema, "Karani, zote ni ndugu."

Kwa hiyo mwenye kukodi, kabla ya kulipa mkaguzi wako mwenyewe, dai cheti cha mwenye kreni. Soma namba mbili: ile ya cheti na ile ya kibati. Soma pia uzito unaoruhusiwa, na ujue kwamba unapungua kadiri mkono wa kreni unavyonyooka kwenda mbali. Kreni inayoinua tani tatu karibu na lori huenda isiweze hata moja juu ya maji.

Kamati na dakika kumi za asubuhi

Kanuni za kamati za 2004 zinaeleza mengi: mahali penye watu 20 hadi 100, wawakilishi wasiopungua watatu wa mwajiri na watatu wa wafanyakazi, na ukaguzi wa mahali pa kazi angalau kila miezi mitatu. Hayo yafanyike. Lakini ninachokipigia debe mimi si ile ya miezi mitatu. Ni dakika kumi kabla ya mzigo wa kwanza.

Ajali mbaya zaidi niliyoandika katika daftari langu ilitokea wiki tisa baada ya ukaguzi wa mwaka. Ripoti ilikuwa nzuri, na mkanda ulioleta ajali hiyo ulikuwa mzima siku ile ulipokaguliwa, hilo sina shaka nalo. Katikati hapo mvua ikanyesha, lori likazama matopeni getini, mtu akauchukua mkanda huo wa kuinulia mbao akalivuta lori. Mkanda ukasuguana na chuma cha chini ya lori. Akaukunja vizuri, akaurudisha stoo mahali pake, chale ikiwa upande wa ndani. Siku tatu baadaye furushi la mbao lilikuwa kimo cha watu wawili hewani mkanda ulipoachia. Mbao hazianguki kama gunia. Zilitawanyika kama njiti za kiberiti, na mmoja wao ukampata kijana wetu kwenye kifundo cha mguu akiwa amesimama mahali ambapo kila siku watu walikuwa wakisimama. Hakurudi kwenye kazi ya gati.

Afisa wa serikali asingeweza kuiona chale ile. Mtaalamu pia, asingeweza, maana haikuwepo. Angeiona mtu yeyote mwenye macho ambaye angeunyoosha mkanda asubuhi ile na kuupitisha mikononi mwake.

Nikamweleza mpwa wangu vitu vya kutazamwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndivyo vya bei rahisi.

Waya: pitisha kitambaa kikavu juu yake polepole, usitumie kiganja kitupu. Uzi mmoja wa chuma uliokatika utanasa nyuzi za kitambaa, nawe utajua. Ukiona waya umepinda na kukataa kunyooka, au umevimba sehemu moja kama nyoka aliyemeza panya, hiyo si ya kujadiliana, itolewe. Klipu zinazofunga kitanzi: sehemu pana ya klipu, ile inayofanana na tandiko la punda, ilale juu ya waya unaobeba mzigo, na chuma cha umbo la U kibane ile ncha fupi isiyobeba kitu. Mafundi wengi hufunga kinyume, au moja hivi moja vile ili zipendeze. Waya unaobeba mzigo huumia pale pale.

Mikanda ya polyester: tafuta lebo. Katika viwango vya Ulaya, ambavyo mikanda mingi inayouzwa huvifuata, zambarau ni tani moja, kijani mbili, njano tatu. Mkanda usio na lebo ni kitambaa tu. Na pembe! Watu wanaamini mikanda miwili inagawana mzigo nusu kwa nusu siku zote. Inagawana hivyo ikiwa imesimama karibu wima. Ikipanuka mpaka pembe kati yake ikawa nyuzi 120, mzigo wa tani moja unaulemea kila mkanda tani nzima. Mbao ndefu ndizo zinazowashawishi watu kupanua mikanda, nao hufurahi kwamba furushi limetulia.

Ndoano: kile kibanio cha mdomoni kiwepo na kijifunge chenyewe. Mdomo ukianza kufunguka, ndoano hiyo ilishabebeshwa zaidi ya uwezo wake, na usiinyooshe kwa moto.

Sasa udhaifu wa kamati, maana nao upo, na si mdogo. Wanaolipwa kwa idadi ya mbao huona dakika kumi ni mbao arobaini. Nimeona pia kamati ambayo mwenyekiti wake ni nyapara, na katibu wake ni shemeji ya nyapara. Kamati hiyo haijawahi kuona tatizo tangu iundwe. Mpwa wangu akitaka yake ifanye kazi, dakika zile kumi zihesabiwe kama saa ya kazi na zilipwe, na yule anayetazama vifaa awe na ruhusa ya kusema "hapana" bila kupiga simu kwa mtu. Hilo la pili ni gumu kwa tajiri kuliko la kwanza.

Mzigo wako ndio unaoamua

Kama kazi yako ni ya kubeba magunia tu, bila kreni, mkaguzi wa mitambo hana cha kukagua kwako. Hatari yako ni mgongo, ubao wa kupandia mashua, na maji. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Mfuko wa saruji ni kilo 50, unaingia. Gunia la mahindi la kilo 90 haliingii hata kwa mbali, liwe na ngata kichwani au lisiwe nayo. Hapo pesa yako inunue ubao mpana wenye vizuizi vya miguu, boya lenye kamba lililotundikwa penye macho ya watu, na makubaliano na mwenye mali kuhusu uzito. Huhitaji mtaalamu kukuambia kwamba ubao uliolowa unateleza.

Kama una kreni, hata ya siku moja, mkaguzi wa mitambo hawezi kusubiri mwezi ujao. Na kama watu wako wanaingia ndani ya tumbo la meli lililofungwa kwa siku kadhaa, hiyo ni habari nyingine kabisa. Chuma kinachopata kutu na nafaka iliyolowa hula oksijeni iliyomo hewani, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Hapo usiteremshe mtu kabla hewa haijapimwa na mtu mwenye kifaa cha kuipimia.

Mpwa wangu akaniuliza kuhusu bima. "Si WIBA inalipa?" Ndiyo, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamlazimisha mwajiri kukata bima, na kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu fidia ni mapato ya miezi 96. Akate, leo. Ila aliiweka bima kwenye orodha moja na ukaguzi, kana kwamba ukiwa na moja unapunguza nyingine. Bima huanza kazi mguu ukishavunjika. Pia nikamkumbusha kwamba kifo kikitokea, afisa wa DOSHS wa eneo apewe habari ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku saba. Alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa hajawahi kulisikia neno kifo likitajwa pamoja na gati lake.

Nilivyompangia

Kwa hali yake, kreni ya kukodi na watu 26, nilimwambia hivi. Usajili wa gati na DOSHS uanze wiki hii, ni makaratasi na ada, na unamfanya ajulikane kabla ya kukutwa. Pesa kubwa ya mwezi huu iende kwa mkaguzi wa mitambo, lakini baada ya mwenye kreni kuonyesha cheti chenye namba inayofanana na kibati. Kama kinafanana na hakijapita wakati, basi mkaguzi aitwe kwa ajili ya minyororo na mikanda yake mwenyewe, ambayo ni kazi ndogo. Dakika kumi za asubuhi zianze siku ya mashua ya kwanza, hizo hazingoji bajeti. Ukaguzi wa mwaka wa mshauri uje mwezi wa pili au wa tatu, kazi ikishachangamka, ili aone watu wanavyofanya kazi kweli, si gati lililofagiliwa.

Mwenzangu mmoja tuliyestaafu pamoja hakubaliani nami. Yeye angemtanguliza mshauri, kwa hoja kwamba kijana mgeni kwenye biashara hajui hata asichokijua, na ripoti moja ya mtu mzoefu ingemfungua macho kwa yote. Ana hoja. Ningemfuata kama kusingekuwa na kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu tangu siku ya kwanza.

Jana nilipita pale kumwona. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Kwenye ukuta wa stoo mikanda miwili ya kijani imetundikwa imenyooshwa, haikukunjwa. Na nje, kwenye nguzo ya geti, kuna kamba nene iliyopakwa rangi nyekundu kutoka ncha hadi ncha. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Nera, hiyo ni ya kuvutia malori."